Amali na kilemba cha ukoka

Tangu Januari 2024, sekondari zetu zilipoanza kupokea kidato cha kwanza kwa mitaala mipya, limezuka swali ambalo wazazi wa Tanga hawakuwahi kuulizwa: mtoto aingie mkondo wa jumla au wa amali? Neno lenyewe lina mambo yake. Huku pwani amali tumeijua chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kabla hata ya kukanyaga shule. Ni matendo ya mja, yale yatakayowekwa kwenye mizani siku ya siku. Zanzibar wamelitumia neno hilo kwa mafunzo ya ufundi miaka mingi, lakini huku kwetu limeshuka juzi juzi, na mama mmoja wa Makorora aliyeniuliza maana yake alikuwa na wasiwasi usoni. Binti yake kafaulu vizuri darasa la saba, kapangiwa shule ya amali. "Sasa kaka," akaniambia, "mwanangu kakosa nini?"

Swali hilo ndilo linalozunguka kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, kila mtu akilisema kwa mdomo wake. Upande mmoja wamo wanaoiona amali kuwa adhabu: watoto wa wakubwa watakwenda chuo kikuu, wetu watakwenda kushika nyundo. Upande wa pili wamo wanaoipokea kama dawa ya kila maradhi: kijana atatoka kidato cha nne na ufundi mkononi, atajiajiri, mitaa itaacha kujaa vijana wa kukaa. Nionavyo mimi, pande zote mbili zinatazama pasipo. Mkondo wa amali ni wa haki, tena umechelewa. Lakini haki yake haitokani na ajira zinazodhaniwa kuja. Inatokana na jambo tunaloona haya kulitamka: kwa watoto walio wengi, mkondo wa jumla haujawahi kuwa njia ya kwenda chuo kikuu. Ulikuwa foleni ndefu mbele ya dirisha lililokwisha fungwa. Na hadhi ya ufundi, ambayo kila kiongozi anaihubiri, haiji kwa hotuba. Inakuja kwa mambo mawili tu: nani anaingizwa humo, na anapotoka anatokea mlango gani. Tukiyakosea hayo mawili, sifa zote tunazowamwagia mafundi ni kilemba cha ukoka, kizuri kichwani asubuhi, jioni kimekauka.

Tuanze na yaliyoandikwa, maana mengi yanasemwa na watu wasioyasoma. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa miaka kumi: sita ya msingi na minne ya sekondari. Darasa la saba linaondoka. Mwaka 2027 darasa la sita la mtaala mpya na darasa la saba la mwisho watamaliza pamoja, kwa hiyo Januari 2028 shule za sekondari zitapokea makundi mawili kwa mpigo. Ndani ya sekondari ndimo ilimo hiyo mikondo. Wa amali una fani nyingi kuliko watu wanavyofikiri: ujenzi, umeme, mitambo, kilimo na ufugaji, ushonaji, ukarimu, TEHAMA, sanaa, hata michezo. Mwanafunzi wake haachi hisabati, Kiingereza wala Kiswahili. Anavibeba pamoja na fani yake, na akimaliza anatarajiwa kuwa na vyeti viwili, cha kidato cha nne na cha ufundi stadi. Mkondo ulianza na shule zisizofika mia moja nchi nzima, nyingi zikiwa za binafsi. Waliotangulia watafanya mtihani wa kidato cha nne mwishoni mwa 2027. Kwa hiyo anayetangaza leo kwamba amali imefaulu, na anayetangaza kwamba imeshindwa, wote wanatabiri.

Hofu ya yule mama, hata hivyo, siwezi kuipuuza, kwa sababu haikuanza naye. Shule ya kwanza ya serikali ya Kijerumani katika nchi hii ilifunguliwa hapa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890. Aliyetoka pale akijua kusoma na kuandika alikuwa karani, mwalimu, au akida mwenye watu chini yake. Babu zetu waliona kwa macho yao: kalamu inaamrisha. Kusini kidogo, Bagamoyo, wamisionari wa Kikatoliki walioweka kituo mwaka 1868 waliwakusanya watoto waliokombolewa utumwani wakawafundisha dini, kilimo, useremala na uashi. Ufundi ule ulikuwa mzuri, lakini tazama ulipelekwa kwa nani. Kalamu kwa anayetawala, randa kwa asiye na kwao. Mambo ya namna hii watu hawayasahau hata wakisahau yalikoanzia.

Wala hayakuwa yetu peke yetu. Marekani, baada ya utumwa, wasomi wawili weusi waligongana juu ya jambo hili hili. Booker T. Washington, aliyeongoza chuo cha Tuskegee kuanzia 1881, aliona mtu mweusi ajenge kwanza uchumi wake kwa kazi za mikono. W.E.B. Du Bois akamjibu kwamba watu wasio na wasomi wao watabaki kuongozwa na wengine. Mwaka 1917 bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kugharamia elimu ya ufundi sekondari, na kwa miongo iliyofuata madarasa hayo yakawa mahali pa kuwasukumia watoto wa maskini na weusi. Wamarekani wakageuka, wakaanza kuimba chuo kikuu kwa wote; sasa wanageuka tena, wakiwatazama vijana walioacha chuo njiani na madeni mgongoni. Kinachotuhusu sisi ni kwamba mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes kutoka huko huko Marekani ilipita Afrika Mashariki, Tanganyika ikiwamo, ikiwa na fikra za Tuskegee mkobani: Mwafrika afundishwe kilimo na kazi za mikono zinazofaa mazingira yake. Wazee wetu walisikia "zinazofaa mazingira yake" wakaelewa "usipande juu ya hapo". Hawakukosea sana.

Basi kama historia ni hiyo, kwa nini nasema amali ni ya haki? Kwa sababu historia yetu ina ukurasa mwingine, na huo tunausahau. Katika jengo lile la shule ya Tanga mlikuwa na mitambo ya kuchapa, na mwanzoni mwa karne ya 20 gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilikuwa likichapwa humo. Anayepanga herufi za risasi lazima ajue kusoma, tena asome kinyumenyume. Asiyejua imla hawezi kazi ile. Kalamu na ufundi vilikaa chumba kimoja. Halafu tazama baada ya uhuru. Ifunda, Moshi, Bwiru, Iyunga, Mtwara, Musoma na Tanga Ufundi hazikuwa shule za waliofeli. Kijana aliyechaguliwa Tanga Ufundi, mtaa mzima ulijua. Hakuna aliyemwuliza mama yake mtoto kakosa nini. Na alijua mbele yake kuna nini: chuo cha ufundi Dar es Salaam, ambacho leo ndicho DIT, cheti cha fundi sanifu (FTC), na akiwa na kichwa na subira, uhandisi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Nyundo aliyoshika ilikuwa ile ile ya fundi wa mtaani. Kilichokuwa tofauti ni kwamba aliingia kwa kushindana na alitoka kwenye mlango unaoelekea mahali.

Sambamba na shule hizo kulikuwa na jaribio jingine, na ndilo linalofanana zaidi na la leo. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na katika miaka ya 1970 sekondari zikapewa michepuo: kilimo, ufundi, biashara, sayansi kimu. Kila shule na mchepuo wake. Mimi ni zao la mchepuo wa ufundi, shule siitaji maana ilifanana na nyingine nyingi. Darasani tulizidi arobaini. Randa zilikuwa mbili, moja haina kisu. Mbao zilikuja mara moja kwa muhula, zikaisha wiki hiyo hiyo, nyingine tukaja kuziona zimekuwa kabati la ofisi. Kwenye mtihani wa muhula nikaulizwa nichore randa na nitaje sehemu zake. Nikapata alama 78. Hadi leo nikipewa ubao niunyooshe, nauharibu.

Michepuo ile ilichunguzwa. Benki ya Dunia ilifanya utafiti uliolinganisha Kolombia na Tanzania, ukachapishwa mwaka 1985 na George Psacharopoulos na William Loxley, na kwa ufupi haukuona faida kwenye soko la ajira inayolingana na gharama kubwa ya michepuo hiyo. Kabla yao, mwaka 1965, Philip Foster aliyezichunguza shule za Ghana alikuwa amesema jambo lililo kali zaidi: watoto hawakimbii ufundi kwa sababu mtaala umewafundisha kudharau jembe. Wanakimbia kwa sababu wana akili. Wanaona nani analipwa mwisho wa mwezi, wanakwenda huko. Ubadilishe mtaala mara kumi, kama mshahara wa karani unamshinda fundi, watoto wataitumia hata shule ya ufundi kuwa ngazi ya kufikia ukarani. Hizi ndizo hoja nzito za wapinzani wa amali, na nashangaa kwamba ndizo zinazotajwa mara chache. Wengi wanabaki kwenye "watoto wetu wanadharauliwa".

Ninavyozijibu ni hivi. Matokeo ya michepuo yalipimwa wakati uchumi wa nchi umelala, bidhaa hakuna madukani, na mwajiri karibu ni serikali peke yake inayosoma karatasi. Mtu hawezi kulaumu mbegu iliyopandwa juu ya jiwe. Hata hivyo nusu ya lawama inabaki, na hiyo ni ya randa isiyo na kisu. Tulichokiita mchepuo wa ufundi kilikuwa elimu ya jumla iliyovaa ovaroli. Foster naye ananisaidia kuliko anavyonipinga: kama mtoto anafuata malipo, basi kazi ya serikali ni kuhakikisha cheti cha ufundi kinalipa na kinampandisha. Akishaona hivyo, hakuna haja ya kumbembeleza.

Nije kwenye hoja dhaifu, na kwa bahati mbaya ndiyo inayotolewa kwenye majukwaa: kwamba amali itamaliza tatizo la ajira. Haiwezi. Shule inatoa fundi. Kazi ya fundi inatolewa na mtu anayejenga, anayefungua kiwanda, anayenunua gari, anayelima na kupata cha kumlipa mtu. Ukiwatoa mafundi umeme elfu katika mji ambao nyumba mpya hazifiki mia, hukuondoa ukosefu wa ajira, umeshusha tu ujira wa mafundi umeme waliokuwapo. Anayedhani fundi hakosi kazi akae asubuhi moja na waashi wanaosubiri tajiri, mwiko na pimamaji kwenye mfuko wa salfeti, aone wangapi wanarudi nyumbani saa tano.

Hapa kwetu hoja hiyo huja na jina la mradi. Wanasema bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, hapa Tanga; wanetu wafundishwe kuchomelea. Nakubali kwamba mradi ule umewafunza vijana kiwango cha uchomeleaji ambacho gereji zetu hazikukijua. Lakini bomba hujengwa mara moja. Mtoto atakayeingia kidato cha kwanza Januari 2028 atamaliza mwishoni mwa 2031, wakati ule kinachohitajika Chongoleani kitakuwa waangalizi wa mitambo wachache wenye stashahada, si mamia ya wachomeleaji. Somo hili tumekwisha kulipata bandarini, mita chache kutoka sokoni. Kwa miongo mingi meli zilitia nanga nje na mizigo ikateremshwa kwa matishari. Watu walizeeka na ujuzi ule, kujua bahari imekaaje, kamba ifungwe vipi, shehena ikae upande gani. Bandari ikachimbwa, kina kikatoka mita 3 kufika 13, meli zikaanza kufunga gatini. Ni maendeleo, sina ubishi. Ila ujuzi wa matishari ulizama siku ile ile. Ndiyo maana mkondo wa amali unaomfundisha mtoto mashine moja, kwa mradi mmoja, ni wa kuogopwa. Unaomfundisha hisabati ya kweli, kusoma mchoro, kujua chuma kinavyofanya kikipata moto, huo atahama nao.

Kwa hiyo ikiwa amali haitaleta ajira, ina faida gani? Hapa turudi kwenye dirisha lililofungwa. Matokeo ya kidato cha nne ya 2023 na ya 2024 yote yanaonyesha kwamba waliopata daraja la kwanza hadi la tatu hawakufika nusu ya watahiniwa. Walio wengi wameishia daraja la nne au sifuri. Hawa wote kwa miaka minne walifundishwa kana kwamba wanakwenda kidato cha tano. Walikariri sehemu za panzi, waliandika insha za Kiingereza juu ya viwanja vya ndege wasivyopanda, na siku ya matokeo wakaambiwa haya, nendeni. Kijana huyo hana mtaji, hana ufundi, na cheti alicho nacho kinamwambia kila mwajiri alichoshindwa. Halafu ndipo tunamtuma VETA, kwenye vyuo vya ufundi stadi, tena kwa maneno yale: umefeli, nenda VETA. Tunashangaa kwa nini anafika pale kichwa chini! Wanaosema amali itawafungia watoto mlango wa chuo kikuu wanasahau kuuliza ulikuwa wazi kwa nani. Kwa maandishi ya sera, mtoto wa amali anaweza kwenda kidato cha tano au chuo cha ufundi cha kati, na kwa njia ya stashahada akafika shahada. Milango ni mingi kuliko ya yule wa jumla aliyepata daraja la nne. Tena tangu mwaka wa masomo 2023/24 hata baadhi ya wanaosoma stashahada wamefikiwa na mikopo ya elimu ya juu. Hayo yalindwe kuliko chochote. Siku chuo kimoja kikubwa kitakapoanza kukikataa cheti cha amali kimyakimya, taarifa itafika Makorora kabla ya gazeti.

Kuna wasiwasi mmoja sina jibu lake kamili. Mtoto wa darasa la saba ana miaka kumi na tatu. Darasa la sita likishakuwa la mwisho atakuwa na kumi na mbili. Nani anachagua? Ujerumani, ambako kila msemaji wa ufundi hukimbilia kwa mfano, watoto hupangwa mapema sana, wengi wakiwa na miaka kumi, na Wajerumani wenyewe hawajaacha kulaumiana juu ya hilo. Hapa kwetu anayepanga ni orodha, na orodha haimjui mtoto. Ninachohofia ni mgawanyo wa kimyakimya: shule za kulipia zenye majina zitabaki na mkondo wa jumla na matokeo yao ya kujivunia, shule za kata zitabandikwa amali, na baada ya miaka kumi mtu atajua mkondo wa mtoto kwa kuangalia kiatu chake. Yaliyotokea Marekani yalianza hivyo hivyo, hakuna aliyeyapanga kwa ubaya. Kinga yake si ngumu kuitaja: shule zenye sifa ndizo zianze kuwa na karakana, na mkondo upokee watoto wa alama za juu wanaoutaka, si wa alama zilizobaki. Hilo la kupokea aliyetaka lingekuwa jepesi kama mtoto angepewa mwaka mmoja wa kuonja kabla ya kufungwa kwenye fani.

Sasa gharama, na hapa ndipo ninapogombana na marafiki zangu wanaoipenda amali. Amali ni elimu ghali. Hakuna amali ya bei rahisi. Darasa la historia linataka mwalimu, ubao na vitabu; karakana ya uchomeleaji inataka mashine, vyuma vya kukatia na kuharibu, fimbo za kuchomelea zinazoisha kila siku, miwani, na Luku isiyokata katikati ya kipindi. Kwa miaka mingi ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa sekondari imekuwa shilingi 25,000 kwa mwaka. Nenda nayo dukani, nunua vifaa vya mtoto mmoja vya mwezi mmoja, urudi na chenji. Fedha haziko mbali kama tunavyoambiwa. Waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, iliyokuwa asilimia 6 ya mishahara na mwaka 2023 ikashushwa hadi asilimia 3.5, na katika hiyo thuluthi moja tu ndiyo ya VETA. Mtu anaweza kuuliza kwa adabu kabisa: tozo yenye jina la ujuzi, thuluthi mbili zinafanya kazi gani, na karakana za sekondari hazistahili hata kipande?

Walimu nao. Chuo cha kuwaandaa walimu wa ufundi stadi ni kile cha Morogoro, na hakiwezi kuijaza nchi kabla ya 2028. Lakini Tanga haikosi wanaojua kazi. Pita barabara za Ngamiani, zile za namba, utawaona gereji chini ya mwarobaini: kijana kalala chini ya Noah, mwenzake kashika tochi na spana kumi na nne, fundi kakaa kwenye tairi anasikiliza injini tu. "Bushi hiyo," anasema kabla hajaangalia. Yule wa tochi hajawahi kupewa cheti na pengine hatapewa, ila baada ya miaka mitatu atakuwa anasikia anachosikia fundi. Mafunzo haya yana adabu zake tangu zamani. Mwanagenzi alikuwa akihitimu, wazazi wakamvika fundi kilemba, yaani wakamlipa haki yake mbele ya watu. VETA imekwisha kuwa na utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunza mtaani na kuwapa vyeti. Sioni kwa nini fundi aliyepimwa hivyo asiitwe shuleni siku mbili kwa wiki, alipwe, asimame karibu na mwalimu wa fizikia, huyu aeleze kwa nini na yule aonyeshe vipi. Pingamizi nitakalosikia ni kwamba hajui Kiingereza, nayo ndiyo lugha ya kufundishia sekondari. Hapo nacheka. Gereji nzima ya Tanga inaendeshwa kwa Kiswahili cha klachi, rejeta, shokapu na gasketi, na magari yanatembea. Kumtahini mtoto wa ufundi kwa insha ya Kiingereza kuhusu klachi ni kuirudia randa yangu ya alama 78.

Kama nimeeleweka, basi yafuatayo hayana mjadala mrefu. Mkondo usiongezwe shule kwa kasi kuliko karakana, hata kama ramani itapendeza ikijaa. Shule isiyo na vifaa ibaki ya jumla bila aibu. Afadhali shule kumi za amali zenye mashine kuliko mia zenye kibao getini. Kenya walipita huku. Mwaka 1985 mfumo wao wa 8-4-4 ulijaa masomo ya ufundi, wazazi wakachangishwa kujenga karakana, nyingi zikakosa zana na walimu, masomo yakapunguzwa moja baada ya jingine. Kilichobaki vichwani mwa watu ni kwamba ufundi shuleni ni mchezo. Kovu la namna hiyo linachukua kizazi kupona, na sisi tayari tunalo la michepuo.

Yule mama wa Makorora nilimjibu kwamba binti yake hajakosa kitu, ila asiamini maneno yangu. Nikamwambia aende shuleni, asiishie ofisini kwa mkuu, aombe kuonyeshwa karakana. Alikwenda mara mbili. Ya kwanza funguo zilikuwa kwa mtunza stoo, na mtunza stoo kaenda msibani Muheza. Ya pili akafunguliwa. Jioni akanipigia simu kunieleza: ameona jiriwa sita za kubania chuma, tatu ndizo zinazofunga, na mwalimu aliyemzungusha ni wa fizikia. Watoto wa fani ile ni arobaini na watatu.